Urithi Usio na Daftari: Watu, Mila na Lugha katika Mji wa Singida

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua hali ya urithi wa utamaduni katika mji wa Singida, makao makuu ya mkoa wenye jina hilohilo katikati ya Tanzania. Katika maandishi mengi mji huu huelezwa kwa sentensi moja, kwamba ni mji wa Wanyaturu. Sentensi hiyo ina ukweli, kwa kuwa mji umekaa katika ardhi ya Wanyaturu na lugha yao ingali inasikika, hasa katika kata za pembezoni. Hata hivyo, anayepita katika masoko, vituo vya mabasi na nyumba za ibada za mji huo hukutana na Wanyiramba, Wasukuma, Wanyamwezi, Wagogo, Warangi, Wairaqw, Wadatooga na Wachaga, pamoja na familia zenye asili ya India na Uarabuni ambazo zimeishi hapo kwa vizazi kadhaa.

Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: urithi wa mji wa namna hiyo ni wa nani, na unakaa wapi? Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya urithi wa Singida Mjini imo katika taratibu ambazo makundi haya yamezijenga ili yaweze kuishi pamoja: utani, maelewano ya ndoa, lugha ya soko, chakula, na namna ya kuitana majina. Taratibu hizo hazimo katika orodha ya mila za kabila lolote moja. Kwa sababu hiyo hakuna daftari linaloziandika wala sheria inayozilinda, na ndizo zinazoweza kutoweka bila mtu yeyote kutambua kwamba zimetoweka. Mtafiti anayekwenda Singida na dodoso lililoandaliwa kwa ajili ya kabila moja atarudi na nusu ya jambo.

Mjadala unajengwa juu ya maandishi yaliyopo kuhusu eneo hili na juu ya mambo yaliyo wazi katika maisha ya mji. Unaanza na mazingira yaliyoufanya mji uwe wa mchanganyiko, unaendelea na suala la majina na suala la kuhesabu watu, kisha unachambua taratibu tatu za kuishi pamoja. Sehemu za mwisho zinapima maandishi ya awali, zinajadili mila isiyostahili kutunzwa, na kutoa mapendekezo.

2.0 Mji wa njia panda

Singida Mjini umejengwa kati ya miamba mikubwa ya matale na maziwa ya magadi, likiwamo Ziwa Singidani na Ziwa Kindai. Ni nchi ya ukame wa wastani, yenye msimu mmoja wa mvua. Wenyeji wake kwa muda mrefu walitegemea mtama, uwele na mifugo. Katika miongo ya karibuni zao la alizeti limeutambulisha mkoa huu nchini kote, pamoja na vitunguu, asali na kuku wa kienyeji.

Nafasi ya mji katika ramani inaeleza sehemu kubwa ya mchanganyiko wake. Barabara itokayo Dodoma hufika Singida na kuendelea hadi Nzega, na kutoka hapo hadi Mwanza. Barabara nyingine huelekea kaskazini-mashariki kupitia Katesh na Babati hadi Arusha. Tawi la reli huunganisha mji na Reli ya Kati pale Manyoni. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita kusini mwa eneo hili, kupitia Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali. Singida haikuwa kituo kikuu cha njia hiyo. Ukuaji wake kama mji ulitokana na utawala wa kikoloni wa Wajerumani na Waingereza, biashara ya maduka, na baadaye hadhi ya kuwa makao makuu ya mkoa, baada ya mkoa kuanzishwa mwaka 1963.

Jambo lisilosisitizwa vya kutosha ni kina cha mchanganyiko huo kwa upande wa lugha. Ukanda wa Singida, Manyara na kaskazini mwa Dodoma ni miongoni mwa maeneo machache sana barani Afrika ambako makundi manne makubwa ya lugha yamekaribiana kwa muda mrefu. Kinyaturu, Kinyiramba, Kirangi na Kigogo ni lugha za Kibantu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga ni ya Kiniloti. Kisandawe na Kihadza, ambazo zina sauti za midoko, kwa desturi zimewekwa katika kundi la Khoisani, ingawa uhusiano wake na lugha nyingine za kundi hilo unabishaniwa na wanaisimu. Wasandawe wanaishi upande wa Dodoma, karibu na mpaka wa Singida, na baadhi ya Wahadzabe wanaishi wilayani Mkalama. Wanaisimu Kießling, Mous na Nurse, katika kazi yao ya mwaka 2008, wanalichambua Bonde la Ufa la Tanzania kama eneo la mgusano wa lugha, na Kinyaturu na Kinyiramba zimo katika uchambuzi huo. Kwa maneno mengine, watu wa eneo hili walikuwa wakiishi na majirani wa lugha tofauti karne nyingi kabla ya kuwapo kwa mji. Mji ulirithi uzoefu huo, haukuuanzisha.

3.0 Majina ya watu na majina ya mahali

Majina ni mahali pazuri pa kuanzia uchambuzi, kwa kuwa ndani yake huonekana ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumtaja mwenzake. Jina Wanyaturu ndilo lililozoeleka katika Kiswahili na katika nyaraka za serikali, lakini wenyewe hujiita Arimi, na lugha yao huitwa Kirimi. Wanaisimu hutumia majina yote mawili. Ndani ya jamii hiyo kuna sehemu tatu zinazotajwa mara kwa mara, yaani Wahi, Airwana na Anyinganyi, na kila moja ina lahaja yake. Mtafiti anayeandika "utamaduni wa Wanyaturu" kwa msingi wa data za sehemu moja tu huwa ametoa hitimisho pana kuliko data zake.

Kwa Wadatooga suala la jina ni zito zaidi. Katika Kiswahili cha mitaani wamekuwa wakiitwa Wamang'ati, jina linalotokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Wahadzabe wameitwa Watindiga au Wakindiga, na Wairaqw wameitwa Wambulu kwa kufuata jina la mahali. Majina haya yameingia katika ripoti na vitabu vya shule bila kuulizwa. Katika utafiti wa urithi, kumwita mtu kwa jina la adui na kisha kumwomba asimulie mila zake ni kuanza mazungumzo kwa mguu mbaya.

Majina ya mahali nayo yanaonyesha tabaka za historia ya mji. Kata kama Unyambwa, Unyamikumbi na Unyianga zina muundo wa u-nya-, ambao katika lugha za eneo hili hutaja nchi ya watu fulani, kama ilivyo katika Unyaturu na Unyamwezi. Muundo huo unaakisi umiliki wa ardhi wa kiukoo uliotangulia mji. Jina Mughanga, kwa tahajia yake ya gh, limehifadhi sauti ambayo katika Kiswahili hupatikana zaidi katika maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini katika Kinyaturu ni sauti ya nyumbani. Sauti hiyohiyo imo katika Ughandi, nje ya mji. Kwa upande mwingine, Majengo ni jina la Kiswahili linalopatikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki, likitaja mtaa wa Waafrika waliokuja mjini kutafuta kazi na biashara. Utemini limejengwa juu ya neno utemi pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Singidani nalo lina kiambishi hichohicho. Hivyo, orodha ya kata inayoning'inia katika ofisi ya kawaida inaweza kusomwa kama historia fupi: ardhi ya koo, utawala, kisha mji wa wageni waliogeuka wenyeji.

4.0 Watu wasiohesabiwa kwa makabila

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 150,379 katika Manispaa ya Singida, na 1,370,637 katika mkoa mzima. Katika sensa ya mwaka 2022 idadi ya watu wa mkoa ilivuka milioni mbili. Takwimu hizi zinaeleza umri, jinsi, elimu na makazi. Hazielezi kabila. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kuuliza swali hilo. Kwa hiyo anayedai leo kwamba Wanyaturu ni asilimia fulani ya wakazi wa Singida Mjini hana msingi wa kitakwimu wa dai lake.

Uamuzi huo wa taifa ulikuwa na sababu inayoeleweka, nayo ni kujenga umoja katika nchi yenye makabila zaidi ya 120. Ni vyema kuulinganisha na uamuzi wa nchi nyingine iliyokabiliwa na tatizo linalofanana. Indonesia, kama Tanzania, ilichagua lugha moja iunganishe watu wa lugha nyingi; azimio la vijana la mwaka 1928 liliitaja Bahasa Indonesia kuwa lugha ya umoja. Serikali yake nayo ilikaa muda mrefu bila kuuliza kabila katika sensa. Swali hilo liliulizwa mwaka 1930, wakati wa ukoloni wa Wadachi, na halikurudi hadi sensa ya mwaka 2000. Tangu hapo mtafiti wa mji kama Medan, wenye Wabatak, Wamalai, Wajava, Wachina na Watamili, ana takwimu za kuanzia.

Ulinganisho huu haukusudii kupendekeza kwamba Tanzania irudishe swali la kabila. Kuhesabu watu kwa makabila kuna hatari zake, na Watanzania wengi wanajivunia kutoulizwa. Kinachodhihirika ni kwamba kutohesabu nako kuna gharama, na gharama hiyo huangukia makundi madogo. Mnyaturu wa Singida hahitaji takwimu ili atambulike, kwani mji una jina la nchi yake. Familia ya Kidatooga iliyohamia pembezoni mwa mji, au mzee wa Kirangi aliyefanya biashara hapo maisha yake yote, wakikosekana katika takwimu na katika vitabu vya utamaduni watakuwa wamekosekana kila mahali. Katika hali hiyo, jukumu la kuandika uwepo wao humwangukia mtafiti wa sayansi za jamii na wa lugha.

5.0 Taratibu za kuishi pamoja

5.1 Utani

Utani ni uhusiano wa kimila unaowapa watu wa makundi mawili ruhusa ya kudhihakiana, kudaiana na kusaidiana pasipo mmoja kukasirika. Moreau alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika mapema katika miaka ya 1940, karibu wakati uleule ambao Radcliffe-Brown alikuwa akijenga nadharia ya jumla ya uhusiano wa mizaha. Kwa Radcliffe-Brown, mzaha ulioruhusiwa huyaweka pamoja makundi ambayo yana sababu za kuungana na sababu za kugombana. Maelezo ya wazee wa maeneo mengi ya Tanzania yanakubaliana na mtazamo huo, kwa kuwa huuhusisha utani na vita vya zamani vilivyokwisha, na safari za biashara, au na ujirani.

Sura kamili ya utani huonekana msibani. Mtani huja na vituko pale ambapo kila mtu analia. Humwiga marehemu, huzuia kaburi hadi alipwe kitu kidogo, huchekesha wafiwa, na wakati huohuo hufanya kazi nzito ambazo ndugu wa damu hawawezi kuzifanya kwa majonzi. Katika mji wa watu wa makabila mengi utaratibu huu una thamani ya pekee: unamhakikishia mgeni kwamba akifa mbali na kwao hatakosa watu wenye wajibu wa kumzika.

Vijana wengi wa mjini hulijua neno utani kupitia mpira wa miguu, pale Simba na Yanga wanapoitwa watani wa jadi. Maana iliyobaki ni ya mzaha. Wajibu umeanza kudondoka. Upungufu huo haupimwi na kipimo chochote rasmi, kwa sababu utani si mali ya kabila moja. Ni uzi kati ya makabila mawili, na anayeandika kuhusu kabila moja huuona uzi huo pembezoni mwa kitambaa.

5.2 Maelewano ya ndoa

Wanyaturu kwa desturi hufuata ukoo wa baba, na mahari ya ng'ombe na mbuzi hupita kutoka kwa watu wa mume kwenda kwa baba wa binti. Wanyiramba na Waisanzu, majirani wao wa kaskazini, wana historia ya ukoo wa kuukeni, ambapo mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kijana wa Kinyaturu anapooa binti wa Kinyiramba mjini, swali la kwanza la mshenga huwa la kimila hasa: barua ipelekwe kwa nani, na nani atakaa mbele siku ya mahari, baba au mjomba?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila, wala haiifanyi ndoa kuwa batili kwa sababu ya kutotimizwa kwa desturi ya mahari. Sheria hiyo, hata hivyo, haijibu swali la mshenga. Jibu hutolewa na wazee wa pande mbili, kwa mazungumzo, na mara nyingi kwa kugawana: mjomba hupewa nafasi na zawadi yake, baba hupokea mahari, na shughuli yote huendeshwa kwa Kiswahili ili kila upande usikie. Palipo na tofauti ya dini, shehe au padri huingia katika maelewano hayo. Mji una waumini wengi wa Kiislamu, Wakatoliki ambao jimbo lao la Singida liliundwa mwaka 1972, na Walutheri walio na historia ndefu ya misheni katika eneo la Iramba.

Taratibu hizi ni za Singida Mjini kwa maana kamili. Hazimo katika mila za Wanyaturu zilivyoandikwa, wala katika mila za Wanyiramba. Zimezaliwa katika vikao vya sebuleni, na kila kikao huongeza mfano wa kufuatwa na kikao kijacho.

5.3 Soko na chungu

Soko la vitunguu la Misuna, vibanda vya kuku wa kienyeji na mashine za kukamua alizeti ni sehemu za uchumi, lakini pia ni sehemu za lugha. Mchuuzi anaweza kumsalimu mzee kwa Kinyaturu, akataja bei kwa Kiswahili, akamtania mteja wa Kisukuma kwa neno la Kisukuma alilolijua kwa kazi. Mabadiliko hayo ya msimbo ni ujuzi wa kijamii unaoonyesha heshima, ukaribu na hesabu kwa wakati mmoja.

Chakula kinasimulia habari hiyohiyo. Ugali wa mtama au uwele kwa mlenda ni chakula ambacho Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo wote hukidai kuwa chao, na wote wana haki. Pilau na chapati zilifika kutoka pwani pamoja na Uislamu na biashara, na leo hakuna harusi ya mjini inayokamilika bila pilau, iwe ya Waislamu au ya Wakristo. Familia zenye asili ya India zilileta maduka na viungo, na zenyewe zikawa sehemu ya wenyeji. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida kutoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa asili hiyo, alikuwa mbunge wa jimbo la Singida Mjini kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Bila kujali mtu ana mtazamo gani wa kisiasa, mfano huo unaonyesha kwamba wakazi wa mji wana maana pana ya neno mwenyeji kuliko ile inayopatikana katika vitabu vya makabila.

6.0 Maandishi ya awali na mipaka yake

Kazi za kitaalamu kuhusu watu wa Singida zipo, na baadhi yake ni za thamani kubwa. Ofisa wa Kijerumani Eberhard von Sick aliandika kuhusu Wanyaturu katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanthropolojia Harold Schneider alichapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu uchumi wa Wahi, akionyesha kwamba ubadilishanaji wa nafaka na mifugo ulifuata hesabu makini ya faida. Marguerite Jellicoe aliandika kuhusu vuguvugu la upinzani la Wanyaturu mwaka 1969, na mwaka 1978 kuhusu mabadiliko ya jamii ya Wahi. Kuhusu Waisanzu, Todd Sanders alichapisha mwaka 2008 kitabu juu ya matambiko ya mvua.

Kazi hizi zina mambo mawili yanayofanana. Kwanza, kila moja imejikita katika kundi moja, na zaidi katika vijiji. Mji hutajwa kama mahali pa kupitia. Pili, sehemu kubwa imeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani, lugha ambazo wazee waliohojiwa hawakuzisoma. Nyaraka za kikoloni zina upungufu wa ziada, nao ni uteuzi wa mambo ya kustaajabisha. Kesi za miaka ya 1940 za mauaji yaliyohusishwa na "watu-simba" ziliipa Singida sifa mbaya, hata Schneider akaandika makala ya kuzitathmini upya mwaka 1962. Mtu aliyesoma nyaraka hizo peke yake angedhani kwamba watu wa Singida hawakuwa na habari nyingine.

Simulizi za Liti Kidanka zinaonyesha jinsi kumbukumbu ya wenyeji inavyoweza kusahihisha uteuzi huo. Simulizi zinamtaja kama mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba nyuki walikuwa silaha yake. Kwa miaka mingi jina lake lilikaa katika vinywa vya wazee na katika makala za wataalamu wachache. Sasa uwanja wa mpira wa mji huo, uliojulikana zamani kama Namfua, unaitwa Liti. Mashabiki wanaojaa humo ni wa makabila yote. Hivyo shujaa wa Kinyaturu amekuwa jina la mji mzima. Mfano huu unaonyesha kwamba urithi wa kundi moja unaweza kuwa wa wote bila kunyang'anywa wenyewe. Unaonyesha pia hatari: jina likibaki ukutani na simulizi ikakosa wa kuisimulia, kizazi kijacho kitajua uwanja na kutomjua mtu.

7.0 Mila isiyostahili kutunzwa

Mjadala wa urithi hauwezi kuwa wa kweli ukikwepa ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2015-16 uliitaja Singida miongoni mwa mikoa yenye viwango vya juu, pamoja na Manyara, Dodoma, Arusha na Mara. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai.

Kilichotokea baadaye kinapaswa kuwa somo kwa watafiti wa utamaduni. Zamani tendo hilo lilikuwa sehemu ya unyago, yaani lilifanywa hadharani likiambatana na mafunzo, nyimbo na sherehe. Baada ya shinikizo la sheria, baadhi ya familia zilihamishia tendo hilo kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha kutibu ugonjwa unaoitwa lawalawa, ambao kitabibu ni maambukizi ya kawaida yanayotibika kwa dawa na usafi. Matokeo yake ni mabaya mara mbili. Kitu chenye madhara kimebaki, kikiwa kimefichwa. Kilichokuwa na manufaa katika unyago, yaani mafunzo ya wazee kwa vijana, nyimbo na fasihi yake, kimeachwa.

Kwa hiyo, kutenganisha tendo na mafunzo ni kazi ya kitaalamu inayohitaji wanawake wazee wa Kinyaturu, wauguzi na watafiti wakae pamoja. Mtafiti anayeorodhesha "mila na desturi" bila kupima madhara yake hulinda kila kitu. Naye anayelaani unyago wote kwa jumla huacha mafunzo yafe na kisu kibaki.

8.0 Sheria, sera na pengo lililopo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilitungwa kulinda vitu na mahali, na ukomo wa tarehe uliowekwa kwa masalia ni mwaka 1863. Sheria ya namna hiyo inafaa kwa magofu ya Kilwa au michoro ya miambani ya Kondoa. Kwa Singida inasaidia kidogo. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo iliyojengwa na Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na Warangi, haidumu karne na nusu. Inadumu kwa kujengwa upya. Ujuzi wa kuijenga ukipotea, hakuna gofu litakalobaki la kuchimbuliwa. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 na kuenea kwa bati vimeharakisha upotevu huo.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Mwaka 2011 Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaohusu urithi usioshikika, ambao unaweka mbele jamii yenyewe kama mtambuzi wa urithi wake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kazi iliyosaidia kuonyesha zilipo lugha zisizohesabiwa. Pamoja na hatua hizo, Kinyaturu, Kinyiramba na Kidatooga si lugha za kufundishia shuleni, na mtoto aliyezaliwa mjini na wazazi wa makabila mawili kwa kawaida hukua na Kiswahili peke yake.

Ni muhimu kusema wazi kwamba Kiswahili si adui katika habari hii. Bila Kiswahili, kikao cha mahari kati ya Mnyaturu na Mnyiramba kingehitaji mkalimani, na makala haya yasingewafikia wote wawili. Pengo liko katika kudhani kwamba kilichosemwa kwa Kiswahili kimekwisha kuhifadhiwa. Maneno ya heshima kwa mjomba, majina ya aina za mtama, misamiati ya nyuki na mizinga, na vichekesho vya utani vimo katika lugha za jamii, na tafsiri yake haijafanywa.

9.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba Singida Mjini ni mji wa mchanganyiko wenye mizizi mirefu, kwamba takwimu za taifa haziuonyeshi mchanganyiko huo, na kwamba maandishi ya kitaalamu yamejikita katika kundi moja moja na zaidi vijijini. Urithi unaobaki nje ya vyote viwili ni ule wa taratibu za pamoja.

Kutokana na hoja hizo, mapendekezo manne yanatolewa kwa watafiti na vyuo. Kwanza, uchunguzi wa urithi wa mji uanze na tukio, kama vile msiba, mahari au siku ya soko, badala ya kuanza na kabila. Tukio huwakusanya wahusika wote na kuonyesha mgawanyo wa kazi kati yao. Pili, kila kundi litajwe kwa jina linalojiita lenyewe, na jina lililozoeleka liwekwe kando yake pale linapohitajika kwa msomaji. Tatu, rekodi za sauti zifanywe katika lugha ya msimulizi, kisha zitafsiriwe kwa Kiswahili, na nakala irudishwe katika shule na maktaba za Singida. Nne, tasnifu za Kiswahili kuhusu eneo hili zijadili madhara ya mila pamoja na uzuri wake, kama ilivyofanywa hapa kwa unyago.

Umuhimu wa kazi hii unapimwa kwa muda. Wazee waliokuwa watu wazima kabla ya operesheni ya vijiji, waliojenga tembe kwa mikono yao, waliozika na kuzikwa na watani, na waliokaa katika vikao vya kwanza vya mahari kati ya koo za kuumeni na za kuukeni, wanapungua kila mwaka. Miamba na maziwa ya Singida vitabaki bila msaada wa mtafiti. Jibu la swali la mshenga, nani akae mbele siku ya mahari na kwa sababu gani, litabaki tu iwapo litaandikwa wakati wanaolijua wangali hai.